Geji ya Mafuta

Mkanda wa Baba ni wa ngozi ya kahawia. Una matundu matano ya kiwandani na mawili aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa. Yale ya kiwandani ni ya mviringo, yamepangwa sawasawa. Haya mawili yameungua kingo, na moja limekwenda upande. Nilikuwapo siku alipotoboa la pili. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, ameubana mkanda chini ya goti, moshi wa ngozi unampanda usoni. Alipomaliza akauvaa, akauvuta, akaniambia, "Sasa suruali haitaniangukia msikitini."

Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa maana ya matundu yale.

Sisi ni Wanubi wa Bombo, mji mdogo wa kambi ya jeshi, kama kilomita 35 kaskazini ya Kampala kwenye barabara ya Gulu. Wazee wetu waliletwa Uganda kama askari mwishoni mwa karne ya 19, na Kiswahili cha kambini kimebaki nyumbani mwetu pamoja na Kinubi na Kiganda. Baba aliendesha malori ya jeshi miaka 24. Nami nafundisha baiolojia sekondari. Shuleni tunafundisha kwa Kiingereza, lakini ugonjwa wa Baba nimelazimika kuuelewa kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha anayoniulizia maswali. Maswali yake ndiyo yaliyonifundisha zaidi ya vitabu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka 11 nimesimama mbele ya wanafunzi nikawaambia kwamba mafuta ya mwilini ni ghala. Chakula kikizidi mwili huweka, kikipungua mwili huchukua. Basi. Nilichora duara ubaoni, nikaandika "akiba", nikapita. Sikuwahi kuwaambia kwamba ghala hilo lina mdomo, kwamba linatuma habari usiku na mchana kwenye ubongo, ini, misuli, figo na moyo. Moyo wa Baba uliposhindwa kazi ndipo nilipoanza kuzisikia habari hizo.

Dalili zilikuja polepole. Kwanza mto mmoja wa kulalia ukawa miwili, kisha mitatu. Akawa anaamka usiku kukaa kitandani, anavuta pumzi kama mtu aliyekimbia. Mchana alikuwa na kikohozi kisicho na makohozi. Lakini mwili wake ulionekana mzima, tena umejaa. Watu wa sokoni walimpokea kwa neno lile la Kiganda ambalo huku kwetu ni sifa: "Mzee, ogezze!" Yaani umenenepa, umependeza, watoto wanakutunza. Nilimpeleka kliniki moja. Mhudumu akampima presha, ikawa juu. Akamwangalia tumbo, akasema, "Mzee umenawiri, punguza chai ya maziwa." Tukatoka na chupa ya dawa ya kikohozi.

Siku hiyo jioni Baba alivua kandambili nikaona ukanda wake umeacha alama ya mfereji juu ya mguu, mkubwa wa kuweza kulaza kidole. Nikabonyeza kifundo kwa dole gumba, nikahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Nilipoondoa kidole shimo lilibaki. Nikabonyeza juu zaidi, kwenye muundi, shimo likabaki. Chini ya goti pia. Ulikuwa mwili uliojaa maji.

Wiki hiyohiyo alilazwa hospitali. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ile eko, kilionyesha kwamba chumba kikuu cha moyo wake kinasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo kila kinapopiga. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Sababu, walisema, ni presha ya miaka mingi isiyotibiwa vizuri. Si ajabu. Utafiti wa THESUS-HF, uliotangazwa mwaka 2012 na uliowafuata wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwamo, ulikuta presha ndiyo sababu inayoongoza, na wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya na Marekani wagonjwa wa namna hii wengi ni wazee wa miaka 70 na kuendelea, na mara nyingi kisa ni mishipa ya moyo iliyoziba. Kwetu ugonjwa huu huwakuta watu wakiwa bado na ada za shule za kulipa.

Sasa nataka msomaji atulie na hesabu hii, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Kabla ya ugonjwa Baba alikuwa na kilo 84, na kitambi cha mzee aliyestaafu, mkanda ukiwa kwenye tundu la nne. Siku aliyolazwa alikuwa na kilo 87, tundu la tano, tena kwa shida. Kwa macho ya mtu, mzee kaongezeka kilo tatu tu. Wakampa dawa ya kukojoa kwa mshipa. Siku ya kumi mizani ilisoma 75. Maji kilo 12 yalikuwa yametoka, na mkanda ukarudi tundu la kwanza. Lakini 75 si 84! Kilo nyingine tisa zilikuwa zimekwenda wapi? Zilikuwa nyama na mafuta yake. Mwili ulikuwa unaliwa miezi mingi chini ya maji, na sisi tulioketi naye mezani tulikuwa tukimsifu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za mafuta.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza jeni ambayo panya akizaliwa nayo ikiwa mbovu, hula bila kushiba mpaka anakuwa kama mpira. Jeni hiyo ndiyo inayotoa maagizo ya kutengeneza homoni, na homoni yenyewe hutoka kwenye seli za mafuta. Waliiita leptini, kutokana na neno la Kigiriki la wembamba. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi kwenye damu. Yakipungua, hupungua, na ubongo huelewa kwamba akiba inakwisha na ni wakati wa kutafuta chakula na kubana matumizi.

Nilimweleza Baba hayo jioni moja, yeye amelalia mito, mimi nimekaa mkekani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe hiyo ni geji ya mafuta."

Niliduwaa. Lugha yetu ilikuwa imeniwekea jibu miaka yote, mafuta ya lori na mafuta ya mwili ni neno moja, nami sikuwahi kuliona. Dereva mzee akaliona mara moja. "Tangi ni mwili," akasema, "geji ni hiyo leptini yako, dereva ni ubongo. Sasa niambie, kama geji yangu ilisema tangi limejaa, kwa nini nilizidi kula?" Ni swali ambalo watafiti wamelihangaikia kwa miaka. Jibu fupi ni kwamba mtu mnene ana leptini tele, lakini ubongo wake umeizoea, hauitii tena. "Dereva haangalii geji," akamaliza yeye.

Ila leptini haiishii kwenye njaa. Huamsha mishipa ya fahamu ile inayoharakisha mapigo ya moyo na kupandisha presha. Maabara imeonyesha pia kwamba huzisukuma tezi zilizo juu ya figo kutoa aldosteroni, homoni inayolazimisha mwili ushike chumvi, na palipo na chumvi maji hufuata. Kidonge kimoja kati ya vile anavyomeza Baba kila asubuhi, spironolaktoni, kazi yake ni kuuzuia mwili usiitii aldosteroni. Mara nyingi nimekitazama kidonge hicho kiganjani mwake nikawaza kwamba sehemu ya ugomvi kinaoutuliza ilianzia kwenye kitambi.

Niseme hapa kwamba si mafuta yote yana ulimi mmoja. Yale ya chini ya ngozi, ya mapaja na makalio, ni mapole zaidi. Yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na ini, ndiyo makali: damu yake huenda moja kwa moja kwenye ini, na hutoa kemikali za uvimbe, zile ambazo mwili hutoa ukipambana na jeraha au maradhi, nazo huufanya mwili uisikie kwa shida insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu. Yako pia mafuta yaliyoukumbatia moyo wenyewe bila ukuta wowote katikati, na yakizidi, kemikali zake huingia kwenye msuli wa moyo jirani kwa jirani. Kwa hiyo watu wawili wenye kilo zilezile wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa. Mizani haikuambii mafuta yamekaa wapi. Mkanda unakuambia kidogo.

Kisha ikaja ile homoni iliyonitatiza kuliko zote. Inaitwa adiponektini, iligunduliwa mwaka mmoja baada ya leptini, na iko kwenye damu kwa wingi wa ajabu, kama mara elfu ya leptini. Hufanya mema. Husaidia misuli kuisikia insulini, husaidia kuchoma mafuta, hutuliza uvimbe kwenye mishipa ya damu. Na ingawa hutoka kwenye mafuta, kadiri mtu anavyonenepa, hasa tumboni, ndivyo inavyopungua. Wenye kisukari cha ukubwani huwa nayo kidogo. Ukisoma mpaka hapo unasema basi, hii ndiyo homoni ya kuombea, ikiwa juu mtu yuko salama.

Lakini mwaka 2005 watafiti wa Denmark walipima adiponektini kwa watu karibu 200 ambao mioyo yao ilikwisha kushindwa. Waliokuwa nayo nyingi ndio waliokufa zaidi. Nilirudia kusoma sentensi hiyo mara tatu, nikidhani nimekosea kusoma. Wengine walirudia kupima kwa wagonjwa wao, wakakuta vilevile.

Ufafanuzi wake umenikaa moyoni kuliko jambo lolote nililolisoma. Moyo nao ni tezi. Tangu mwaka 1981, Adolfo de Bold alipofanya majaribio yake huko Kanada, tunajua kwamba moyo hutengeneza homoni, na unapotanuliwa na damu nyingi kupita kiasi hutoa zaidi, ili figo zimwage chumvi na maji. Ni moyo unaoomba kupunguziwa mzigo. Seli za mafuta zina vipokezi vya homoni hizo. Zinaposikia kilio cha moyo hufanya mambo mawili: huanza kuyeyusha mafuta na kuyaachia kwenye damu, na huongeza kutoa adiponektini. Kadiri moyo unavyoelemewa ndivyo unavyolia, na kadiri unavyolia ndivyo mafuta yanavyojibu. Kwa mgonjwa kama Baba, basi, adiponektini iliyopanda ni dalili kwamba moyo umelia sana na mafuta yamekuwa yakiyeyuka kuuitikia. Misuli nayo, kwa wagonjwa hawa, imeonekana kutoitii tena adiponektini vizuri. Mjumbe anapiga hodi, wenye nyumba hawafungui.

Nilipomweleza Baba, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Taniboi mzuri hupiga kelele lori likirudi kinyumenyume kwenye shimo. Huwezi kusema kelele zake ndizo zilizoliangusha lori." Sijapata maelezo bora ya tofauti kati ya dalili na sababu, na tangu siku hiyo nayatumia darasani.

Hapa pana jambo la kumfaa mtu anayepelekwa maabara. Ile homoni ya moyo hupimwa kwenye damu kutambua kama moyo unashindwa. Watu wanene huwa nayo kidogo kuliko wembamba, hata moyo ukiwa na shida ileile. Mama mnene anayehema, kipimo chake kikitoka si cha juu sana, asiambiwe kwamba ni unene tu unaomhemesha. Ipimwe eko.

Baba hakuwa mnene tena. Miezi sita baada ya kutoka hospitali alishuka kutoka kilo 75 hadi 69. Hapo ndipo msumari ulipoingia kwenye makaa, mara ya kwanza kilo 72, mara ya pili kilo 69. Miguu ilikuwa mikavu, nikibonyeza hakuna shimo. Kwa hiyo hayakuwa maji. Mabega yalichongoka, mashavu yakaingia, saa ikawa inazunguka mkononi. Na minong'ono ikaanza.

Wasiotoka Uganda pengine hawatajua uzito wa minong'ono hiyo. Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa mpya wa Rakai na Masaka uliokuwa ukiwakondesha watu mpaka wanakwisha. Wananchi walikuwa wameshaupa jina, silimu, wembamba. Ulikuwa ukimwi. Kizazi cha Baba kilizika ndugu, majirani na askari wenzake, mmoja mmoja, wote wakiwa wamekonda vilevile. Ndiyo maana huku kwetu "umenenepa" ni baraka, na "umekonda" husemwa mtu akishapita. Baba aliacha kukaa safu ya mbele msikitini. Akaanza kuvaa koti mchana wa jua kali ili mabega yasionekane. Siku moja jirani, mtu mwema kabisa, aliniita pembeni akaniuliza kama Mzee "amepimwa". Alikuwa amepimwa, hana. Lakini nitamjibuje mtu aliyezika ndugu wanne?

Kukonda kwa moyo kushindwa kuna jina na hesabu yake. Madaktari huita kakeksia, na kigezo kinachotumika ni kupoteza asilimia 5 au zaidi ya uzito, usio wa maji, ndani ya mwaka mmoja. Baba alipoteza asilimia 8 kwa miezi sita. Mwaka 1997 Stefan Anker na wenzake walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 171 waliowafuata, waliokuwa wamekonda hivyo nusu yao walifariki ndani ya miezi 18, na wasiokonda ilikuwa asilimia 17. Nilisoma takwimu hizo usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu. Nikaizima simu nikabaki gizani.

Kwa nini mwili unajila? Sehemu ni tumbo: utumbo nao huvimba maji, mtu anashiba kwa vijiko vitano. Sehemu ni kemikali za uvimbe. Mwaka 1990 ilionekana kwamba wagonjwa wa moyo waliokonda wana kiwango kikubwa cha kemikali iitwayo TNF, ambayo zamani iliwahi kuitwa kakektini kwa sababu ya kazi yake ya kukondesha. Seli za mafuta nazo huitoa. Geji nayo huwa imevurugika. Mafuta yakipungua leptini hushuka, na kwa kawaida njaa ingeamka, lakini sauti za uvimbe huizima. Tangi linakauka na dereva hana habari.

Wakati huo nikakutana na ile habari wanayoiita kitendawili cha unene. Tafiti nyingi zilikuta kwamba, moyo ukishashindwa, wanene kiasi huishi muda mrefu kuliko wembamba. Ndugu zangu walifurahi sana nilipowaambia. Shangazi akaanza kuleta sambusa na siagi, akasema sayansi imekubali. Ilinibidi nimzuie kwa upole, nami mwenyewe nilikuwa nataka kuamini. Kosa liko kwenye kipimo. Uzito kwa urefu haujui maji, mafuta wala nyama ni nini. Mwembamba katika tafiti zile mara nyingi ni mtu kama Baba, aliyekondeshwa na ugonjwa wenyewe, si mtu aliyekuwa mwembamba tangu zamani. Mwaka 2023 watafiti waliorudi kwenye takwimu za wagonjwa zaidi ya 8,000 waligawanya kiuno kwa urefu wa mtu badala ya kutumia uzito, na kitendawili kikayeyuka: wenye viuno vikubwa ndio waliokuwa wakilazwa zaidi. Mkanda uliishinda mizani.

Hata hivyo mkanda nao hudanganya palipo na maji tumboni, na Uganda inalijua hilo tangu zamani. Mulago, hospitali kuu ya Kampala, ndipo Jack Davies alipoeleza mwaka 1948 ugonjwa wa utando mgumu ndani ya moyo, ambao humpa mtu tumbo kubwa la maji juu ya miguu myembamba. Tumbo kubwa si lazima liwe la shibe.

Basi tulifanya nini? Homoni hizi nilizoziandika, sijawahi kuona daktari wa kliniki yetu akiagiza zipimwe, na sidhani kama zingebadili vidonge vya Baba. Tulichokuwa nacho ni mizani niliyoinunua soko la Owino, futi ya fundi cherehani, na kidole gumba. Kila asubuhi, akishatoka chooni na kabla ya chai, Baba hupanda mizani akiwa na nguo ileile moja. Huandika namba kwenye daftari alilolichora mwenyewe kama logibuku ya lori: tarehe, kilo, hali ya miguu, mito mingapi. Zikipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu hiyo si nyama, nyama haioti hivyo. Ni maji, tunapiga simu. Zikishuka taratibu wiki hadi wiki na miguu mikavu, hayo si mafanikio ya kumpongeza mtu wa moyo, nayo ni ya kupigiwa simu.

Chakula kilitugharimu mabishano. Tulikuwa tumepunguza chumvi mpaka mchuzi hauna ladha, na bado uzito wa maji ulikuwa ukirudi. Siku moja nikamkuta dada yangu anatia magadi kwenye maharage yaive upesi, kama mama alivyotufundisha. Magadi ni sodiamu, mle mle tulimokuwa tunamkimbiza Baba! Hakuna aliyetuambia, na hatukuwahi kuyahesabu kama chumvi. Sasa maharage yanalowekwa tangu usiku. Mukene wakavu, yaani dagaa, wanaoshwa maji matatu. Anakula sahani ndogo mara tano, mayai, binyebwa (mchuzi wa karanga), kuku akipatikana, kwa kuwa misuli hujengwa kwa protini na tumbo lake haliwezi kubeba sahani ya mtu mzima mara moja. Ramadhani hakufunga, alitoa fidia, na siku ya kwanza aliona uchungu kuliko siku zote za hospitali.

Daktari alimwongezea pia dawa ya kundi la gliflozini, dapagliflozini, ambayo huzifanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Ilitengenezwa kwa ajili ya kisukari, lakini utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019, wa watu 4,744, ulionyesha kwamba huwasaidia wenye moyo dhaifu hata wasio na kisukari. Bei yake inauma, tunachangishana watoto wanne. Ile sindano ya kupunguza unene, semaglutaidi, ilijaribiwa mwaka 2023 kwa watu wanene ambao mioyo yao husukuma vizuri ila ni migumu kutanuka. Walipungua kama asilimia 13 ya uzito kwa mwaka, na hali zao zikawa nafuu. Nimeulizwa mara mbili kama ingemfaa Baba. Mtu anayetoboa mkanda kwa msumari hahitaji dawa ya kukonda.

Na anatembea. Mwanzo ilikuwa hadi mwembe wa jirani na kurudi, sasa ni hadi msikitini. Nyumbani huinua vidumu viwili vya maji vya lita tatu, mara kumi, akihesabu kwa sauti ya paredi.

Jumamosi iliyopita nilifika asubuhi nikamkuta amekwisha kuandika: kilo 72.3. Alikuwa na wasiwasi, kwa sababu mwezi huo zilipanda kidogo kidogo, na anajua maji yanavyovizia. Nikapiga magoti, nikambonyeza muundi kwa dole gumba, nikahesabu mpaka kumi. Nikaondoa kidole. Ngozi ilirudi palepale, haikuacha hata kivuli. Nikampima mkono wa juu kwa futi, sentimita mbili zaidi ya mwezi wa Ramadhani.

"Mito mingapi?" nikamuuliza.

"Mmoja na nusu," akasema, maana mmoja umekwisha pamba.

Akainuka, akauvuta mkanda, akausogeza kutoka tundu lililokwenda upande hadi lile jingine la msumari, akachukua kalamu, na kwenye safu ya miguu akaandika: kavu.